Ukifika Stamford, Ulale Wapi?

Wengi huutembelea mji wa Stamford, mkoani Lincolnshire, kwa siku moja tu. Wanashuka treni asubuhi, wanapiga picha za nyumba za mawe ya rangi ya samli, na jioni wanarudi London, yaani wanaondoka mji ukianza kunoga. Huu ni mji wa gulio, na gulio lenyewe ni Ijumaa. Kwa hiyo katika kupanga malazi natumia kipimo kimoja: ukiamka Ijumaa, utatembea kiasi gani mpaka ufike kwenye meza za wachuuzi?

Kwa mtu mmoja au wawili, nafasi ya kwanza naipa nyumba ya wageni ya familia. Usiifikirie gesti ya kwetu. Hapa mwenyeji anaishi humohumo, anakodisha vyumba viwili vitatu, na asubuhi anakupikia mwenyewe: mayai, maharage, uyoga, nyanya, pamoja na soseji na bekoni, ambazo kwa kawaida ni za nguruwe. Kama huli nguruwe, sema siku unayoweka nafasi, usingoje ukae mezani. Uliza pia kama bafu ni la chumbani au la kushirikiana, na chumba kiko ghorofa ya ngapi. Mji huu ulitangazwa mwaka 1967 kuwa eneo la kwanza la hifadhi ya majengo nchini England, na majengo zaidi ya 600 yanalindwa kisheria, hivyo mwenye nyumba hajiamulii tu kutoboa sakafu aweke lifti. Ngazi ni nyembamba, na begi la kilo 23 utalibeba mwenyewe.

Ya pili ni The George, na bei yake si ya mchezo. Lakini ni hoteli yenye hadithi. Ilikuwa kituo cha magari ya farasi kwenye barabara kuu ya kaskazini, na hadi leo bango lake limevuka barabara nzima juu kama mti wa kunyongea. Mlangoni kuna vyumba viwili vyenye majina London na York. Abiria walingojea humo kulingana na upande waliokuwa wanaelekea. Lala usiku mmoja, au kama mfuko haukuruhusu, kanywe chai uani kisha ukalale kwingine. Hakuna atakayekuuliza.

Ukija na watoto, nafasi ya kwanza inahamia kwa nyumba nzima ya kupanga. Utanunua mboga na samaki gulioni na kupika unavyotaka. Tazama ada ya usafi kabla ya kufurahia bei, maana ndiyo inayoipandisha, na wenye nyumba wengi hawapokei mgeni wa usiku mmoja.

Vyumba vya juu ya baa mara nyingi huwa nafuu, na vingine ni vizuri kweli. Omba cha nyuma. Wanywaji wakitoka usiku, maagano yao ya mlangoni hayaishi.

Mwisho kabisa, mji wa jirani wa Peterborough. Treni ya haraka kutoka London inafika huko kwa chini ya saa moja, hoteli za makampuni makubwa ziko tele, na Stamford ni kama robo saa tu kwa treni nyingine. Kwa hesabu ya pesa inashinda, lakini utakuwa unatazama saa jioni nzima usiachwe na treni ya mwisho.

Sasa tarehe. Mwanzoni mwa Septemba kuna mashindano ya farasi pale Burghley, kasri aliyoijenga William Cecil, waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, katika karne ya 16. Wiki hiyo vyumba huadimika na bei hupaa. Siku nyingine bustani yake yenye wanyama aina ya kulungu ni ya bure, unaifikia kwa miguu kutoka mjini. Weka nafasi kuanzia Alhamisi usiku, na kama ni Novemba, uliza kipasha joto cha chumbani kinawashwa na nani.