Kikosi tarajiwa: majina nane ni ya bure, matatu ndiyo ya kupima

Siku moja au mbili kabla ya mechi kubwa, programu za matokeo kama FotMob na Sofascore huchora uwanja na kupanga majina 11 kila upande kabla kocha hajasema lolote. Magazeti ya michezo nayo hufanya hivyo, na kurasa za wacheza Fantasy, mchezo wa kuunda timu yako ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, ndizo zinazoikazania kazi hii zaidi. Huduma hizi zina faida ya kweli, ila nyingi husifiwa kwa kazi ambayo hazikuifanya.

Chukulia alama ya 9 kati ya 11, yaani majina tisa yaliyopatiwa, ambayo hutangazwa kwa fahari. Timu isiyo na majeruhi wengi ina kipa wake, mabeki wa kati wawili, nahodha, mshambuliaji wa kati na wengine watatu hivi wasioguswa. Hao wanajulikana bila msaada wa mtu. Ukichukua kikosi kilichoanza mechi iliyopita ya mashindano hayohayo, ukamtoa aliyefungiwa na aliyeumia, ukamweka anayeziba pengo lake kwa kawaida, umeshapata sehemu kubwa ya jibu bila kulipa chochote.

Kwa hiyo pima hivi. Kwa mechi 10 za timu moja, hifadhi utabiri wa huduma saa 24 kabla ya mpira kuanza, na pembeni andika kikosi chako cha kunakili kama nilivyoeleza. Kikosi rasmi kikitoka, usihesabu majina yote 11. Hesabu yale tu ambayo orodha hizo mbili zilitofautiana, maana hapo ndipo huduma ilipotoa neno lake yenyewe. Ikikosea zaidi ya inavyopatia, basi inabahatisha. Na kama orodha hazitofautiani kabisa, jua nayo inanakili kama wewe.

Mechi kubwa ndizo zinazoumbua kunakili huku. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Mei 29, 2021 mjini Porto, kocha wa Manchester City, Pep Guardiola, aliwaweka benchi viungo wake wa ulinzi Rodri na Fernandinho kwa pamoja, akamrudisha Gündoğan chini na kumwanzisha Sterling. Chelsea wakashinda 1-0. Miaka miwili kabla, Harry Kane wa Tottenham hakuwa amecheza tangu aumie Aprili 9, huku mwenzake Lucas Moura akiwa amefunga mabao matatu kwenye nusu fainali mjini Amsterdam. Fainali ilipofika Juni 1, 2019, Kane alianza na Moura akakaa benchi. Anayetabiri kwa kutazama mechi ya mwisho peke yake angekosa nafasi hiyo.

Lakini kuna mshangao wenye dalili. Siku moja kabla ya Ureno kukutana na Uswisi kwenye Kombe la Dunia, Desemba 6, 2022, kocha Fernando Santos alisema wazi mbele ya waandishi kwamba hakupendezwa na jinsi Cristiano Ronaldo alivyopokea kutolewa kwenye mechi ya Korea Kusini. Kesho yake Ronaldo alianzia benchi, Gonçalo Ramos akapangwa, akafunga matatu, na Ureno wakashinda 6-1. Huduma nzuri ni ile iliyo na mtu anayesikiliza mkutano wa kocha mpaka mwisho. Ile inayovuta takwimu za dakika walizocheza wachezaji peke yake haiwezi kuliona jambo la namna hii.

Hilo utalitambua kwenye maandishi yenyewe. Huduma dhaifu hukupa jezi na jina, basi. Huduma nzuri huandika: beki wa kushoto ana shaka, jana alifanya mazoezi peke yake, mbadala wake ni fulani, imesasishwa leo saa 8 mchana. Saa ya kusasishwa ni muhimu kuliko rangi zote za ukurasa. Pasipo saa hiyo, unaweza kuwa unasoma orodha iliyopangwa kabla ya mkutano wa kocha.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kadi. Katika Ligi Kuu ya Uingereza, kadi tano za njano ndani ya mechi 19 za kwanza humfungia mchezaji mechi moja, na adhabu hiyo haimzuii kucheza Ligi ya Mabingwa, ambako kadi ya tatu ndiyo inayofungia. Mifumo inayojiendesha huchanganya vitabu hivi viwili, ikamfuta mtu aliye huru au ikampanga asiyeruhusiwa.

Asilimia nazo zisomwe vizuri. Alama za 25, 50 na 75 kwenye Fantasy Premier League ni uwezekano wa kucheza, na wala si uwezekano wa kuanza. Mtu wa asilimia 75 anaweza kuingia dakika ya 80 na alama ikawa imesema kweli.

Vikosi rasmi kwenye mashindano makubwa hutoka kati ya dakika 75 na 60 kabla ya mechi, na hapo huduma nyingi hufunga kazi. Hapo zinakosea. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Sami Khedira aliumia akipasha misuli moto na Christoph Kramer akachukua nafasi yake dakika za mwisho. Mchezaji akiumia hivyo, kanuni zinaruhusu wa akiba kuanza badala yake bila timu kupoteza nafasi ya kubadilisha. Huduma bora huendelea kusasisha mpaka kipenga.

Je, ulipie? Mtazamaji wa kawaida hana sababu, angoje orodha rasmi. Mcheza Fantasy yuko pagumu zaidi, kwa kuwa muda wake wa kupanga timu hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, yaani kabla ya kikosi chochote rasmi. Huyo anaweza kulipia, ila kwa huduma inayoonyesha sababu, mbadala na saa, na inayoacha utabiri wake wa zamani wazi ili uhesabiwe. Ukikuta ukurasa unaofuta utabiri wa jana baada ya mechi, usiupe pesa yako.