WhisperLite, OmniFuel au Trangia? Jiko la safari ya baiskeli kwa anayeanzia Mombasa

Kabla ya kuuliza bei ya jiko, taja njia utakayopita. Anayevuka Likoni kuelekea Lunga Lunga, Tanga na kuendelea hadi Msumbiji atakutana na vituo vya petroli njiani, lakini kopo la gesi la kuskurubu asilitegemee akishatoka miji mikubwa. Anayepanda ndege kwenda Ulaya atalipata kopo hilo huko bila taabu, ila Ufaransa aangalie: makopo ya Campingaz yana vali yake ya kubana, na jiko la skurubu halishiki bila adapta. Kwenye ndege kopo la gesi haliruhusiwi kabisa, hata likiwa limebaki robo.

Kwa njia ya kusini, chaguo letu la kwanza ni MSR WhisperLite International. Linawaka kwa petroli isiyo na risasi, mafuta ya taa na petroli safi inayouzwa kwa majiko ya kambi, lakini si dizeli. Huja na nozeli mbili, vipande vyenye tundu dogo la kutolea mafuta: UG ni ya petroli za aina zote mbili, UK ni ya mafuta ya taa. Wengi hukosea hapa. Mafuta ya taa kwenye UG hutoa moto wa manjano na masizi yanayofunika sufuria nzima; petroli kwenye UK hutoa moto dhaifu, halafu lawama huenda kwenye pampu ya chupa ya mafuta. Funga UG na utumie petroli. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi zamani, ila tangu Kenya iongeze tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, unafuu ule umepungua sana, na ubaya wake ni ule ule: huchelewa kupata moto na huchafua kichomeo.

Kuliwasha kunataka subira. Jaza chupa ya mafuta hadi alama tu, maana hewa inahitaji nafasi ya kubanwa. Piga pampu mara 20 hadi 30. Chupa ikiwa nusu, ongeza. Fungua vali kidogo, mafuta kama nusu kijiko cha chai yadondoke kwenye kikombe cha chini, funga, kisha washa. Moto huo wa manjano ni wa kupasha bomba joto ili mafuta yageuke mvuke kabla ya kufika kwenye nozeli. Moto huo ukikaribia kuzima, fungua vali polepole hadi upate moto wa bluu unaovuma. Ukiona moto mrefu wa manjano, bomba bado baridi: funga, ngoja, anza tena. Anayefungua vali zaidi wakati huo ndiye anayeunguza nyusi. Kwa mafuta ya taa, pashia kwa spiriti ya kuwashia moto. Masizi hupungua sana.

Moto ukikatikakatika, tikisa jiko juu chini usikie sindano ya ndani ikigonga; ndiyo inayozibua nozeli. Pampu ikikosa nguvu, kikombe kidogo cha ndani yake kimekauka: tone la mafuta ya kulainisha linatosha. Ringi za mpira ni jambo jingine. Zikipasuka petroli huvuja shingoni mwa chupa, karibu na moto, kwa hiyo beba za akiba na usijaribu kuziba kwa gundi.

Ubaya wa WhisperLite ni wali. Moto mdogo haliujui. Kwa chai na tambi ni sawa, lakini wali wa nazi utaungua chini huku juu bado mbichi. Mpishi wa kweli anunue Primus OmniFuel, ambalo lina vali ya pili kwenye kichomeo chenyewe na hupunguza moto vizuri. Nozeli zake zimepigwa namba: 45 ya gesi, 37 ya petroli, 28 ya mafuta ya taa na dizeli. Kelele zake ni nyingi, majirani wa kambi watakujua.

Trangia ni ya mtu asiyependa kutengeneza chochote. Haina pampu wala nozeli, ni kikombe cha shaba ndani ya kizuia upepo, na hata kusi ikivuma ufukweni unaelekeza matundu ya chini kwenye upepo na moto unazidi kushika. Jaza spiriti theluthi mbili ya kikombe, utapata kama dakika 25. Maji asilimia 10 ndani ya spiriti hupunguza masizi. Usiongeze spiriti kikombe kikiwa kinawaka: mchana moto wake hauonekani. Usinunue pia spiriti ya vidonda ya famasi, kwani nyingine huwekwa mafuta ya mbarika. Gharama yake ni uzito, kwa sababu lita ya spiriti ina joto kama theluthi mbili hivi ya lita ya mafuta ya taa.

Ukifika Msumbiji, petróleo ni mafuta ya taa. Petroli omba gasolina. Gasóleo ni dizeli. Ufaransa essence ndiyo petroli, na spiriti ni alcool à brûler.

Kwa ndege, omba idhini ya shirika mapema. Kanuni za IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, zinataka chupa imwagwe kwa saa moja angalau, iachwe wazi saa 6, kisha ifungwe na kuviringishwa kwa karatasi ya kufyonza ndani ya mfuko wa plastiki. Harufu ikibaki, watakukatalia kaunta. Chupa mpya isiyowahi kuingia mafuta huondoa mjadala.

Kituoni, agiza kwa shilingi, usiseme “jaza”: pampu ya magari hutema kwa kasi na chupa ndogo hufurika kabla mhudumu hajaachia mkono. Ifunge kwenye kishikio cha chini ya fremu, mbali na chupa ya maji ya kunywa, na ukiegesha juani fungua kifuniko mara moja kutoa hewa kabla ya kupika.