Kichupa cha STIHL HP cha mililita 100: kinapima oili, hakipimi hewa

Kichupa hiki cha oili ya kuchanganya na petroli ya chenso, yaani msumeno wa injini, kinamiminwa chote kwenye lita 5 za petroli. Hapo umepata 1 kwa 50 (sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli), yaani mililita 20 kwa kila lita, kipimo ambacho STIHL inakitaka kwenye chenso kama MS 381. Kwa anayezoea kupima kwa kizibo, hiyo peke yake inatosha kukinunua. Rangi yake nyekundu nayo inasaidia: hutachanganya dumu la chenso na dumu la petroli tupu.

Tanguliza oili kwenye dumu, fuatisha petroli, tikisa. Tikisa tena kila unapojaza tenki, na usitengeneze zaidi ya utakayomaliza ndani ya siku 30. Kasoro yake ni kwa mtu wa lita 2: itabidi atafute sirinji apime mililita 40.

Kuna wanaomimina vichupa viwili "kwa usalama". Usalama gani? Oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti (kitundu cha petroli ndani ya kabureta), hivyo hewa inazidi kidogo. Masizi nayo yanaziba eksozi, ringi zinaganda, plagi inalowa. Oili ya TC-W3 pia iache kwenye boti. Ile ni ya injini inayopozwa kwa maji, na chenso inapozwa kwa hewa, kwa hiyo joto lake ni jingine kabisa.

Sasa lawama ambazo oili hii haistahili: kwamba injini ikinoki, kosa ni lake. Injini ikinoki, fungua eksozi uchungulie pistoni. Mikwaruzo ikiizunguka pande zote, mara nyingi ilikosa oili. Ikiwa upande wa eksozi tu, shuku petroli kidogo na hewa nyingi: skrubu H (ya kabureta, inayopima petroli ya mwendo kasi) imebanwa mno, chujio la petroli limeziba, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka. Chenso ya namna hiyo hulia kwa sauti kali na kukimbia kupita kawaida. Fundi anasifu nguvu, kumbe inaungua. Plagi itakuwa nyeupe badala ya kahawia.

Mwinuko nao una lake. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Chenso iliyotyuniwa huko ikishushwa Rufiji, bondeni karibu na pwani, inavuta hewa nzito zaidi kwa petroli ileile, na kichupa chekundu hakiwezi kuiokoa. Legeza H kinyume cha saa, thumuni ya mzunguko kwa mara moja, mpaka ule mlio mkali upungue. Ukilegeza na injini ikabaki inakimbia vilevile, kuna hewa inayopenya: kagua mpira wa kabureta na sili za krenki kabla ya kukata gogo jingine.