Mitungi pacha ya lita 12: tathmini ya mzamiaji wa Goma

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza sehemu za chini za mashua zinazotia nanga hapa Goma, na kwa miaka mingi nimeifanya nikiwa na mtungi mmoja wa hewa mgongoni. Sasa ni miezi minane tangu nihamie kwenye mitungi pacha, yaani mitungi miwili ya chuma ya lita 12, inayojazwa hadi shinikizo la bar 232, iliyofungwa pamoja kwa mikanda ya chuma cha pua na kuunganishwa juu kwa bomba lenye koki katikati. Ninaikubali, ila si kwa sababu ambayo wenzangu wengi huitaja.

Wengi huvutiwa na wingi wa hewa, ambayo ikiachiliwa kutoka mitungini kweli inapita lita 5,000. Mimi wingi huo ndio unaonitia hofu. Zamani mtungi mmoja ulikuwa ukiisha mapema na kutulazimisha kupanda kabla mwili haujalimbikiza naitrojeni nyingi, ilhali kwa pacha mtu huweza kuvuka kikomo chake cha muda wa kukaa chini huku geji ikionyesha kwamba hewa bado ipo tele. Tena Ziwa Kivu, tunamozamia, liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya baharini ya vina na muda wa kuzamia hayafai kutumiwa jinsi yalivyo: mita 20 za hapa huhesabiwa kama 23 hivi.

Thamani yake iko kwenye koki tatu. Kila mtungi una koki na regyuleta yake, yaani kifaa cha kupumulia. Regyuleta moja ikianza kumwaga hewa, unaifungia koki yake na kupumua kwa ile nyingine, na hewa ya mitungi yote miwili bado unaipata kupitia bomba la katikati. Uvujaji ukiwa shingoni mwa mtungi, unafunga koki ya katikati na kuokoa nusu ya hewa. Hayo yote hayana maana ikiwa mkono haufiki. Mikanda ya seti yangu ilifungwa vibaya, mitungi ikakaa chini mno, nami nililazimika kuipandisha, kisha nikatumia wiki tatu kwenye maji ya mita nne nikifunga na kufungua koki moja moja bila kuziona, hadi nikaacha kubahatisha.

Kwa sisi tunaofanya kazi chini ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, koki ya kushoto inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ukisonga mbele huku ikisugua mbao hujizungusha upande wa kufunga. Mara mbili nimeikuta imejifunga nusu, na kwa kuwa nilikuwa nikipumua kwa regyuleta ya kulia, sikuwa nimehisi lolote. Ningependa vishikio vyake viwe vya mpira laini kuliko hii plastiki ngumu.

Seti iliyojaa inapita kilo 40. Usithubutu kuibeba juu ya mawe ya lava ya ufukweni kwetu. Sisi huishusha kwa kamba kutoka kwenye mtumbwi na kuivalia majini. Uzito huo umeniwezesha kuvua vizito vyote vya madini ya risasi vya kiunoni.

Kuhusu kujaza, jambo la kwanza la kuuliza ni mahali kompresa inapovutia hewa. Mazuku tunayoyajua, ile kaboni dioksidi nzito inayotulia mabondeni na ufukweni, haina rangi wala haionyeshi dalili, na ikiingia mtungini madhara yake huongezeka mzamiaji anaposhuka. Mimi hujaza pale tu ambapo bomba la kuvuta hewa limepandishwa juu ya paa, mbali na moshi wa jenereta.

Anayeopoa vitu kwenye mita kumi wazi hana haja ya pacha. Mtungi mmoja unamtosha. Anayeingia chini ya meli, mahali ambapo hawezi kupanda moja kwa moja, ainunue, lakini asiingie nayo chini ya mbao kabla hajaweza kuzifikia koki zote tatu.