Daraja au kivuko? Hesabu ya Kigamboni
Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 2016, ubishi haujaisha: fedha zilizolijenga zingenunua vivuko vingapi?

Kwa gharama ya kuanzia, kivuko kinashinda bila jasho. Daraja la mita 680 hulipiwa karibu lote kabla gari la kwanza halijapita; vivuko huongezwa kimoja kimoja. Matengenezo yanageuza kibao: kivuko hunywa mafuta kila siku na injini huchakaa, zege hudai kidogo.

Utamu uko kwenye muda. Kwa mwenye lori, foleni ni hasara, na daraja halilali. Ila mchuuzi wa samaki anayetembea kwa miguu hushuka kivukoni Magogoni, soko la samaki la Feri liko palepale. Kumzungusha Kurasini, lilipo daraja, ni kumwongezea nauli. Wachumi wengi hupima saa ya mtu kwa kipato chake, kwa hiyo saa ya mchuuzi huonekana ya bei rahisi kuliko ya bosi. Hapo mimi hugoma.

Mkopo wa riba nafuu na malori mengi? Daraja. Riba ikiwa kubwa, faida za daraja za miaka ijayo husinyaa kwenye hesabu. Abiria wakiwa wa miguu zaidi, kivuko kinatosha.