Jimu ya ghorofani Mwananyamala: vyuma safi, vioo vinanikera

Nimelipia mwezi wa tatu sasa, kwa hiyo nina haki ya kusema. Jina silitaji, maana nusu ya wanaopiga tizi humo ni wateja wangu na sitaki maneno na watu ninaowapima mabega. Wenyeji mtapajua tu: unapanda ngazi za chuma zinazolia kila ukikanyaga, na chini mama anakaanga chapati tangu alfajiri. Moshi wa chapati unakupanda puani ukiwa seti ya tatu. Hilo nalo ni zoezi.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 41. Vyuma nimeanza zamani, enzi za makopo ya rangi tuliyojaza zege na kuchomeka bomba katikati, uani kwa jirani Manzese. Kwa hiyo sisifii kitu kwa sababu kinang'aa.

Vyuma vya hapa ni safi. Dambeli zinaanzia kilo 2.5 hadi 40, na kila moja ina pacha wake. Anayejua jimu za mtaani anaelewa ninachosema: kwingine unapewa kilo 20 mkono wa kulia na 17.5 wa kushoto, mwezi ukiisha umepinda kama mkungu wa ndizi. Mashine ya kuvutia mgongo waya wake ni mpya. Choo kinaoshwa, maji yapo kwenye pipa. Feni nne, mbovu moja, na hiyo moja ndiyo iliyo juu ya benchi la kifua. Umeme ukikatika mnamulikiana na tochi za simu. Bei ni 4,000 kwa siku au 60,000 kwa mwezi. Kocha anajua kazi. Akiona unainua chuma kutoka chini huku mgongo umejikunja, anakuja mbio na kukukaripia kama mtoto wake. Nampenda kwa hilo.

Sasa vioo.

Ukuta mzima wa mbele ni kioo, na kimeegemezwa mbele kidogo. Juu yake kuna taa zinazopiga wima kwenda chini. Mimi nafanya kazi ya kumsimamisha mtu mbele ya kioo kila siku, kwa hiyo mchezo huu naujua. Taa ikitoka juu, kivuli kinadondokea chini ya kifua na katikati ya mbavu, na mtu anaona mistari ambayo nje kwenye jua haionekani. Ongeza na damu iliyojaa kwenye misuli baada ya seti nne. Mtu anajiona wa miraba minne kabisa! Halafu anashuka zile ngazi, damu inarudi ilikotoka, anajiona kwenye kioo cha bajaji, na roho inamwanguka. Mlangoni kabisa wamebandika kioo kingine, chembamba, taa yake hafifu. Hicho ndicho cha mwisho kukuona ukitoka. Sijui nani alikiweka, ila hakuwa na huruma.

(Hapo hapo niwaombe wateja wangu: msije kupimwa nguo mkitoka kufanya mikono. Nitashona shati la mkono uliojaa damu, kesho yake linakupwaya, halafu lawama kwa fundi.)

Salamu za humo ndani nazo. Uswahilini mtu akikuambia "umepungua" anauliza kama unaumwa, na ukinenepa anakupongeza kuwa maisha yamekukubali. Kwenye hii jimu "mbona umepungua?" ni utani wa kila siku, unatupwa huku na huku kama mpira. Nimeona mtu mzima mwenye kifua cha kuziba mlango akiambiwa hivyo, akacheka, halafu akaenda pembeni akajigeuza mbele ya kioo mara tano.

Kuna kijana mmoja, miaka 23, anauza kava za simu Kariakoo. Baunsa kweli. Februari, joto lile la Dar linalokufanya uloe ukiwa umekaa tu, yeye yuko jimu na sweta juu ya sweta. Tulipokwenda Coco Beach Jumapili moja na wenzake, wote walivua mashati, yeye alikaa kwenye mchanga na sweta lake, anakula mihogo, anasema maji ya baridi. Nikadhani ana kovu.

Baadaye akaja dukani. "Shikamoo fundi." Marahaba, mdogo wangu. Anataka shati la sendofu ya dada yake. Nikampima: kifua inchi 46, kiuno 31, mzunguko wa mkono 17. Nikaandika kwenye daftari. Akasoma akiwa nyuma yangu, akasema, "Fundi, tepu yako imevutika. Inapunguza."

Hakukosea kiufundi. Tepu ya kitambaa ikizeeka hurefuka, na ikirefuka inakupa namba ndogo. Kwa hiyo sikubishana. Nikachukua rula ya chuma, nikailaza kandokando ya tepu, inchi 12 juu ya inchi 12. Zikalingana sawasawa. Kijana akaangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema taratibu, "Basi nimepungua." Inchi 17! Nina wateja ambao hiyo ndiyo kola yao.

Akaagiza mikono mirefu. "Niachie nafasi, fundi, nitaijaza."

Ningemcheka, ila na mimi nimetoka huko. Tepu yangu ya zamani ilikuwa imefutika namba kati ya 14 na 16, sehemu nyingine zote zinasomeka. Siyo wateja walioifuta. Ni mimi, kila alfajiri kabla ya kufungua duka, mkono wa kushoto halafu wa kulia, miaka miwili mizima. Mke wangu aliwahi kuniuliza kitandani nampima nani saa hizo. Kwenye harusi ya mtoto wa mjomba, Bagamoyo, niliingia na hotpoti yangu ya mayai ya kuchemsha na viazi vitamu, pilau nikaliruka, nikaondoka mapema niwahi zoezi la miguu. Mjomba mpaka leo hotpoti ile anaiita mgeni rasmi.

Aliyenifumbua macho ni daktari mmoja ninayemshonea suruali. Alisema hali hii ina jina, dismofia ya misuli, na haina uhusiano na majivuno hata kidogo. Daktari wa akili wa Marekani, Harrison Pope, na wenzake waliwahoji wajenga mwili 108, wakachapisha mwaka 1993: tisa kati yao walijiona wadogo na dhaifu ilhali ni mapande ya watu. Mwanzo waliilinganisha na ugonjwa wa kujinyima chakula, ila umegeuzwa kichwa chini. Jina la sasa likaja 1997. Tangu 2013 imo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, kama tawi la ugonjwa wa mtu kuandamwa na kasoro ya mwili ambayo wengine hawaioni. Kuna tiba ya mazungumzo, na kuna dawa za sonona zinazosaidia.

Kilichonikaa zaidi ni hadithi ya midoli, kwa kuwa ilikuja kwa inchi. Hao hao walimpima mdoli wa askari wa watoto wa kiume, G.I. Joe, wakakokotoa angekuwaje kama angekuwa na kimo cha mtu wa kawaida. Yule wa 1964 mkono wake ungekuwa inchi 12.2. Wa miaka ya tisini, toleo la Extreme, inchi 26.8. Nililala nikiiwaza namba hiyo. Inchi 26.8 kwangu ni paja, na paja la mtu aliyeshiba. Ningemkatia mkono wa shati kwa kipimo cha mguu wa suruali.

Kaunta. Wanauza unga wa protini na kreatini, bei za Kariakoo ukiongeza kidogo. Sina ugomvi na hivyo, ingawa dagaa na maharage vimenijenga mimi kwa hela ndogo. Ugomvi wangu ni ule mnong'ono. Wiki yangu ya pili tu jamaa mmoja aliniuliza kama nataka "kitu cha kuchoma". Testosteroni hiyo, homoni ya kiume, ambayo huko hospitali hupewi bila cheti cha daktari. Ukiingiza ya nje, mwili unaona mzigo umeshafika, unafunga kiwanda chake: korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, damu inakuwa nzito, mafuta mazuri ya damu yanashuka, moyo ndio unaolipa. Na ukiacha, ukubwa unaondoka na furaha nayo inaondoka, kwa hiyo yule aliyekuwa anajiona mdogo sasa amepungua kweli. Anarudi kwa jamaa. Namba yake ya simu jamaa alikuwa ameiandika kwa kalamu nyuma ya pipa la maji, ukitaka kuchota ilikuwa lazima uione.

Nilimwambia mwenye jimu kuhusu hiyo namba. Ikafutwa siku hiyo hiyo, nampa heko. Nikamwambia na kile kioo cha mlangoni, akacheka: "Fundi, hicho wateja ndio walikiomba."

Nyota tatu kati ya tano. Vyuma nne, kocha tano, vioo nusu. Ukitaka kwenda, nenda saa nne asubuhi, watu wachache, na chukua benchi la mwisho linalotazama dirisha. Hapo hakuna kioo. Unaona mwembe na bati za watu.

Shati la yule kijana lilikwisha wiki tatu zilizopita, la buluu, nimeacha nafasi mkononi kama alivyotaka. Amelipia lote, 35,000. Sendofu ya dada yake ilikuwa Jumamosi iliyopita. Nikimpigia simu ananiambia, "Liache kwanza hapo, fundi, nitalifuata mkono ukijaa."