Maabara ya pamoja ya ukuzaji wa tishu: nzuri kwa miche, kwa jeni njoo umejipanga

Kwa kuzalisha miche ya migomba au mihogo, maabara hii ya chuo kikuu hapa Nairobi sina ubaya nayo. Kwa kupandikiza jeni kuna kasoro zitakazokula sampuli zako usipozijua mapema.

Ya kwanza ni otoklevu, yaani vyungu vya mvuke wa shinikizo vya kuua vijidudu. Zote mbili ni zile za zamani za kusoma geji, na karatasi iliyobandikwa ukutani inasema shinikizo la paundi 15 (kwa inchi ya mraba) kwa dakika 20. Hiyo ni hesabu ya Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na geji hupima tu jinsi shinikizo la ndani linavyolizidi la nje. Hapa hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo kwenye 15 unapata kama nyuzi 118, wala si 121. Ipandishe hadi karibu 18. Chupa ya mililita 100 ya midia (chakula cha kuoteshea tishu) inaweza kuuvumilia upungufu huo. Ya lita moja ndiyo itakayoota bakteria siku chache baadaye, halafu lawama zimwangukie aliyekuwa akifanya kazi kwenye kabati la hewa safi. Usifidie kwa kupika dakika 40: sukari inageuka rangi ya chai, pH inashuka chini ya 5.8 uliyoipima, na agari, kile kigandishi cha midia, inabaki uji.

Makabati ya hewa safi yapo matatu, na hapa nina lalamiko: hakuna hata moja lililotengewa Agrobacterium, bakteria wanaotumiwa kuingiza jeni kwenye mmea. Asubuhi mtu anachovya vipande vyake kwenye bakteria, mchana mwingine anakata chipukizi safi palepale. Mimi hubuku zamu ya kwanza ya siku, nafuta meza kwa ethanoli ya asilimia 70, kisha naacha feni ivume dakika 20 kabla ya kugusa chochote.

Unga wa MS (chumvi za lishe za kutengenezea midia) na agari hupewi shida. Antibayotiki lete zako. Sefotaksimu, antibayotiki ya kuua Agrobacterium baada ya kazi yake, haipikwi: ichuje kwa kichujio cha mikroni 0.22, uitie midia ikipoa hadi nyuzi 50 hivi. Sahani zenye dawa hiyo usizipitishe wiki 2, maana dawa huisha nguvu na Agrobacterium hurudi kimyakimya. Inua kalasi (bonge la seli linaloota kwenye kipande) utazame chini yake; ukiona ute mweupe unaong'aa, hamisha siku hiyohiyo kwenye midia yenye sefotaksimu miligramu 500 kwa lita. Ute ukishatanda sahani nzima, tupa, usijidanganye.

Chumba cha kuoteshea ndicho fahari yao: nyuzi 25, taa saa 16, rafu safi. Ila stima ikipotea jenereta inawaka vizuri, lakini saa ya taa huanza upya, na mimea inajikuta ina mchana usiku wa manane. Baada ya kila stima kupotea, pita uirekebishe mwenyewe.

Bila kibali cha kazi za GMO (viumbe waliobadilishwa jeni) chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 hawakuruhusu hata kufungua kichupa cha plazmidi (kipande cha DNA kinachobeba jeni), na hapo nawaunga mkono. Anza makaratasi kabla ya kuagiza chochote.

Jik ya kwenye rafu, ile dawa ya klorini, ni ya dukani, asilimia 3.5, na mara nyingi hukaa wazi. Nunua chupa mpya. Parafilm pia, ule utepe wa kuzibia sahani, maana ya kwao haifiki Jumatano.